Maswali ya Wasomaji: Volkswagen ya Marehemu Iuzwe kwa Bei Gani?

Mwezi huu tumepokea barua tatu zinazohusu gari la aina moja: Volkswagen ndogo ya mgongo wa duara, yenye injini nyuma. Barua ya kwanza ndiyo iliyotushughulisha zaidi, nasi tumeijibu kwa urefu.

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mama wa miaka 74, mkazi wa Moshi. Mume wangu alifariki mwaka juzi akaniachia Volkswagen, ile ambayo vijana huiita kobe, aliyoinunua mwaka 1971 kwa mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirejea kwao. Rangi yake ni samawati iliyofifia, na ni ile ile ya kiwandani, isipokuwa madigadi moja la mbele lililopakwa upya baada ya kugonga nguzo ya geti. Namba ya chasisi inaanza na 118, kadi inasema injini ni ya 1300, na mita inasoma maili 43,000. Mjukuu wangu huliwasha kila Jumamosi na kulizungusha uani. Dalali wa mtaani amesema lina thamani ya shilingi milioni 3. Kijana mmoja wa Arusha ametaja milioni 12, lakini anataka alichukue sasa kwa nusu ya fedha na kumaliza baada ya miezi mitatu. Fundi wetu anasema nisimsikilize yeyote kabla ya kulipaka rangi mpya na kulivalisha viti vya ngozi, kazi ya milioni 2 na nusu. Tena mtoto wangu mmoja hataki liuzwe. Je, thamani yake ya kweli ni ipi, na niliuze vipi?

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana kwa msiba. Nakuomba kwanza umwambie fundi asiliguse gari hilo. Najua ana nia njema, kwa kuwa gari la kawaida la mitumba likipakwa rangi huuzika upesi zaidi. Gari lako si la kundi hilo. Rangi ya kiwandani iliyodumu zaidi ya nusu karne ni ushahidi, kwa sababu humwonyesha mnunuzi kwamba chini yake hakuna puti wala bati lililochomelewa. Siku utakapoipaka upya, hata kama kazi itakuwa safi, mnunuzi mwenye macho ataanza kujiuliza unaficha nini, na hutakuwa tena na cha kumjibu. Utakuwa umetoa milioni 2 na nusu ili kupunguza thamani. Viti ni vivyo hivyo: kitambaa cha asili chenye mshono mmoja uliofumuka ni bora kuliko ngozi mpya isiyowahi kuwekwa na kiwanda.

Sasa tulitambue gari lenyewe, kwani bei haisemwi kabla ya kujua kinachouzwa. Namba inayoanza na 118 inazungumza wazi. Tarakimu mbili za mwanzo hueleza aina ya gari, na ya tatu hueleza mwaka wa toleo, yaani hapa 1968, ambalo kiwanda kilianza kulitengeneza Agosti 1967. Toleo hilo lilikuja na mabadiliko unayoweza kuyaona kwa macho: taa za mbele zilizosimama wima badala ya kulala na mteremko wa madigadi, bampa nene zilizoinuliwa juu, na mlango mdogo wa kujazia mafuta ulio nje ubavuni, ilhali matoleo yaliyotangulia yalimlazimu mtu kufungua boneti kila afikapo kituo cha mafuta. Gari lako likiwa na hayo yote, bodi na namba vinakubaliana.

Mwombe mjukuu ainue kiti cha nyuma. Chini yake, juu ya mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu, namba ya chasisi imegongwa. Aisome tarakimu kwa tarakimu na kuilinganisha na kadi pamoja na kibati kilichomo chini ya boneti ya mbele. Betri nayo imekaa huko huko chini ya kiti, na maji yake ya asidi kwa miaka mingi hula bati la sakafu, hivyo aitoe, asugue kwa brashi, kisha agonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mlio mkavu wa chuma ni habari njema. Mlio mzito usio na mwangwi, au bisibisi ikizama, maana yake sakafu imeoza na mnunuzi ataona hivyo hivyo. Kisha aende kwenye injini, atazame chini ya mguu wa jenereta, ambako namba ya injini imegongwa. Injini ya 1300 ya miaka hiyo huanza na herufi F. Akikuta F na tarakimu zinazofuata zikalingana na kadi, una gari lililobaki na moyo wake wa kuzaliwa, na hilo peke yake linakuweka mbali na wauzaji wengi.

Kuhusu mita, naomba uwe mwangalifu unapotangaza. Mita ya gari hili ina tarakimu tano tu, na ikifika 99,999 huanza upya sifuri, hivyo maili 43,000 zinaweza kuwa 143,000. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako. Nasema mnunuzi anayejua atauliza, na jibu lake limo ndani ya gari na ndani ya kabati lako. Mpira wa pedali ya klachi uliolika hadi chuma kuonekana, usukani uliong'aa pale mikono inaposhika, mlango wa dereva unaoshuka kidogo unapofunguliwa, hivyo ni dalili za safari nyingi. Risiti za sevisi zenye tarehe na kilomita au maili zilizoandikwa kwa mkono ni ushahidi wa upande wa pili. Marehemu kama alikuwa mtu wa kutunza karatasi, na watu wa umri wake wengi walikuwa hivyo, tafuta kitabu cha maelekezo, risiti za matairi, bima za zamani, hata picha ya familia iliyopigwa mbele ya gari likiwa na namba zake. Zipange kwa miaka katika faili moja. Nimewahi kuona mnunuzi aliyekuwa akibishana kwa nguvu akanyamaza baada ya kufunuliwa faili la namna hiyo, akakaa kwenye kigoda, akasoma risiti moja moja hadi ya mwisho, kisha akauliza tu fedha ziingizwe benki gani.

Adui mkubwa wa gari hili ni kutu, na hapo hali ya hewa ya Moshi imekusaidia kuliko ambavyo ingekuwa Tanga au Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi. Hata hivyo kuna mahali panapofichwa na rangi nzuri. Chini ya milango, pande zote mbili, hupita mirija mipana ya bati inayopeleka hewa ya joto mbele kutoka kwenye injini, na mirija hiyo ndiyo pia nguzo inayoshikilia bodi isipinde. Gari likiinuliwa kwa jeki ubavuni na mwanya wa mlango ukabana au kufunguka, mirija imeoza. Hapo ukarabati si wa siku mbili, kwani bodi hulazimika kufunguliwa kutoka kwenye sakafu. Mwombe fundi afanye jaribio hilo mbele yako, na apitishe sumaku iliyofungwa kwa kitambaa laini juu ya madigadi na pembe za nyuma. Pasiposhika pana puti. Madigadi lililopakwa upya lisikutie hofu. Kwenye gari hili madigadi hufungwa kwa bolti, kwa hiyo litaje tu waziwazi kwenye tangazo pamoja na sababu yake.

Injini ina jaribio moja ambalo kila mnunuzi mzoefu atalifanya, afadhali ulifanye kabla yake. Injini ikiwa imezimwa, shika puli kubwa ya chini nyuma ya gari, isukume mbele kisha ivute nyuma. Puli inatakiwa isicheze kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, kwa kuwa kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa ni kama milimita 0.15. Ikigonga tak-tak mkononi, injini inakaribia kushushwa, na bei lazima ikubali hilo.

Kuna matengenezo nisiyokuzuia, nayo ni ya usalama tu. Badilisha mipira yote ya petroli kuanzia kwenye tangi hadi kwenye kabureta, kwa maana mipira mikavu hupasuka, petroli hudondokea injini yenye moto, na magari mengi ya aina hii yameteketea kwa njia hiyo. Badilisha oili, isiyozidi lita 2 na nusu, na usafishe chujio lake la wavu. Hakikisha breki zinashika, maana mnunuzi ataliendesha barabarani na si uani. Kuliwasha kila Jumamosi kwa dakika chache bila kuliendesha ni jambo lisilotosha; injini haipati joto la kutosha na unyevu hubaki ndani ya ekzosi. Likipata bima na breki nzuri, lipelekwe mbali kidogo, hadi Himo na kurudi.

Nije sasa kwenye bei, swali lenyewe. Wakadiriaji wa ng'ambo huyapanga magari ya zamani katika madaraja manne: la kwanza ni gari la maonyesho lisilo na kasoro, la pili ni gari bora sana ambalo kasoro zake huonwa na mtaalamu pekee, la tatu ni gari zuri linaloendeshwa, lenye dalili za umri, la nne ni gari linalotembea lakini kasoro zake zinaonekana na kila mtu. Kwa maelezo yako, na iwapo sakafu na mirija ni mizima, naliweka gari lako daraja la tatu lenye mwelekeo wa la pili, na uasili wake ukiwa sifa ya pekee. Lakini bei za dola zinazotangazwa Ulaya na Marekani usizibadilishe kuwa shilingi ukadhani umepata jibu. Gari lako lina usukani wa kulia, ilhali Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya hutumia kushoto, na mtu wa huko akilitaka atakata gharama ya meli, ushuru na bandari kutoka kwenye fedha atakayokupa wewe.

Tena, si gari adimu kwa idadi. Lilipofika gari la 15,007,034 Februari 1972, lilikuwa limeipita Ford Model T, gari la Marekani lililokuwa likishika rekodi ya kutengenezwa kwa wingi, na lilipokoma huko Puebla, Mexico, Julai 2003, zilikuwa zimetengenezwa 21,529,464. Hilo lina faida yake: spea bado zinapatikana, nyingine kutoka Afrika Kusini, ambako gari hili liliungwa Uitenhage tangu 1951 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Adimu ni lililobaki jinsi lilivyotoka kiwandani. Kuna pia sifa ya Safari Rally, ambayo Volkswagen iliishinda mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962 ikipita katika barabara zetu za vumbi na matope, na wazee wengi hulipenda gari hili kwa kumbukumbu hiyo. Usidai malipo kwa ajili yake, kwa kuwa ushindi huo hauongezi shilingi kwenye gari la familia.

Njia ninayoiamini ni hii. Tafuta watu watatu au wanne waliouza au kununua Volkswagen za umri huo katika miaka miwili iliyopita, Moshi, Arusha, Dodoma au Dar es Salaam, uwaulize fedha iliyopokelewa mkononi. Bei iliyotangazwa ni matumaini ya muuzaji tu. Kisha uliza gereji ya kuaminika ingegharimu kiasi gani kulichukua gari bovu la aina hiyo na kulifikisha hali ya lako: bati, rangi, viti, kromu, injini. Ongeza bei ya gari bovu lenyewe. Mara nyingi jumla hiyo huzidi sana bei ya gari zima, na ndiyo hoja yako kuu mezani, kwa kuwa mnunuzi mwenye akili huona kwamba kununua zuri ni kuokoa. Kwa hiyo milioni 3 za dalali ni bei ya mtu atakayeliuza tena wiki ijayo. Milioni 12 za kijana si za kupuuzwa, zinaonyesha kwamba ameliona gari kwa jicho linalostahili. Mimi ningeanzia juu kidogo ya hapo na kumwacha anishushe hadi karibu na bei yake, ilimradi alipe zote.

Neno "zote" nalisisitiza, mama. Nusu sasa na nusu baada ya miezi mitatu ni deni lisilo na dhamana, huku gari liko Arusha na wewe uko Moshi. Kama anahitaji muda, mpe muda, gari likibaki bandani: alipe arubuni, muandikiane tarehe ya mwisho na kitakachotokea akishindwa, na funguo zibaki kwako. Akija kulijaribu, mjukuu akae ndani pamoja naye. Fedha ziingie benki, na benki yenyewe ikuthibitishie. Ujumbe wa simu anaokuonyesha mnunuzi si uthibitisho.

Hata hivyo, kabla ya yote hayo, angalia jina lililo kwenye kadi. Kama ni la marehemu, wewe bado huna mamlaka ya kuliuza, hata kama ulilipanda kwa miaka 50. Familia inatakiwa ikae kikao, impendekeze msimamizi wa mirathi, na mahakama imthibitishe. Ndipo msimamizi atakapotia saini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, wenye namba ya chasisi, namba ya injini na orodha ya spea zinazokwenda na gari, kisha umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato (TRA). Msiliache gari liondoke na kadi yenye jina la mzee, kwani likipata ajali au kosa, atakayetafutwa ni familia yenu. Na yule mtoto asiyetaka liuzwe, msikilizeni katika kikao hicho hicho cha mirathi. Huenda anataka kulinunua yeye, na gereji ikishatoa makadirio yake, mtakuwa na bei ya haki ya kumtajia.

Tangazo lenyewe liwe fupi na la kweli. Ningeliandika hivi: "Volkswagen 1300, toleo la 1968, mmiliki mmoja tangu 1971. Rangi ya kiwandani, isipokuwa madigadi ya mbele kushoto. Injini na chasisi zinalingana na kadi. Faili la risiti lipo. Mirathi imekamilika. Linaonekana Moshi kwa miadi." Badilisha upande wa madigadi kama nimekosea, na usiandike neno ambalo hujalihakiki. Picha zipigwe asubuhi, gari likiwa limeoshwa kwa maji tu, na mbili kati yake zionyeshe kasoro kwa karibu.

SWALI: Volkswagen yangu ni 1300 ya mwaka 1972, hapa Tanga. Injini ilikufa, nikaweka ya 1600 ambayo namba yake inaanza na AD, lakini kadi bado ina ile ya AB. Mnunuzi aliposoma namba akaondoka bila kurudi. Je, nimeliharibu gari?

JIBU: Hukuliharibu, ndugu yangu. AB ndiyo herufi ya 1300 ya miaka hiyo na AD ni ya 1600, na injini hizo mbili hukaa mahali pamoja bila kukata wala kuchomelea kitu. Mnunuzi hakukimbia injini, alikimbia kadi, kwa sababu namba isiyolingana inafanana sana na namba ya gari la wizi. Lipeleke kwa askari wa usalama barabarani wakalikague, uende na hati ya ununuzi wa injini hiyo mpya, kisha uombe TRA warekebishe kumbukumbu. Thamani yake kwa wapenda uasili itapungua, ila kwa anayetaka gari la kuendesha kila siku haitapungua sana, kwa kuwa 1600 ina nguvu zaidi mlimani. Injini ya zamani, hata kama imekufa, usiwape watu wa vyuma chakavu. Ipake oili, ifunike, na uiuze pamoja na gari. Na kwa kuwa uko Tanga, chunguza sakafu kabla ya kutaja bei.

SWALI: Naishi Nairobi na nimeona Volkswagen safi ikiuzwa Arusha. Je, naweza kuinunua na kuivusha Namanga?

JIBU: Usilipe hata arubuni kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka za kwenu. Masharti ya Shirika la Viwango la Kenya hayaruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na hilo linauzidi umri huo mara nyingi. Mtu akikuambia mpakani kuna njia, mwulize jina lake litaandikwa wapi kwenye karatasi. Nakushauri utafute humo humo Kenya, ambako Volkswagen zilikuwa nyingi tangu miaka ya 1950. Hudhuria maonyesho ya Concours d'Elegance yanayoandaliwa Nairobi kila mwaka na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Magari ya kale hushindanishwa pale mbele ya waamuzi wanaochungulia hadi chini ya bodi, na wenye magari husimama kando yake mchana kutwa, tayari kuzungumza. Nenda na tochi ndogo, na uombe ruhusa ya kuinua kiti cha nyuma.